Prufu za rangi kwa Scribus na printa ya wino: uzoefu wangu

Natumia Scribus kupanga majarida na majalada ya vitabu, na prufu za rangi (nakala za kukagua rangi kabla ya kazi yenyewe kuchapwa) nazitoa kwenye printa ya wino ya A3. Ni programu ya bure na kazi hii inaiweza kabisa, ila ukibofya tu kuchapa bila kuipanga, rangi utakazopata hazina maana yoyote.

Usimamizi wa rangi huja umezimwa. Uwashe kwenye mipangilio ya waraka, weka profaili (faili inayoeleza jinsi kifaa kinavyotoa rangi) ya sRGB kwa picha za RGB, yaani rangi za skrini, na kwa CMYK, yaani wino nne za uchapaji, weka profaili ya mashine itakayochapa kazi yenyewe. Mwulize mchapaji. Kwa karatasi ya kung'aa nakutana sana na ISO Coated v2, inayotokana na vipimo vya uchapaji vya FOGRA39. Usipouwasha, hata chaguo la PDF/X-3 (aina ya PDF ya kupeleka kwa mchapaji) hutaliona wakati wa kutoa PDF.

Sichapi moja kwa moja kutoka Scribus. Natoa PDF/X-3 yenye ziada ya 3 mm ya kukatwa kila upande, picha zikiwa dpi 300 kwa ukubwa wake halisi ukurasani, halafu naichapa kwa Acrobat Pro nikichagua profaili ya karatasi iliyo kwenye trei. Hapa ndipo prufu nyingi huharibika: Acrobat inageuza rangi, kisha draiva ya printa (programu inayoiendesha) inazigeuza tena, na ngozi ya kahawia inatoka nyekundu kama tofali. Zima marekebisho yote ya rangi kwenye draiva.

Kinachonifanya niipende Scribus ni hakikisho lake la uchapaji, ambalo huonyesha kila wino peke yake. Zima nyeusi uangalie maandishi. Herufi za pointi 8 zilizoletwa kutoka Word zikiwa bado zinaonekana kwa sayani, majenta na njano, maana yake zimeundwa kwa wino nne. Kwenye mashine, sahani za uchapaji (kila wino ina yake) zikipishana hata kidogo tu, kingo za herufi zinapata kivuli cha waridi na maandishi yanasomeka kwa shida. Prufu ya printa ya wino haitakuonyesha kosa hilo, kwa hiyo lishike hapa: badilisha ziwe nyeusi 100% pekee. Humo humo kagua jumla ya wino, yaani asilimia za wino zote nne zikijumlishwa mahali pamoja. Kwa ISO Coated v2 kikomo ni 330%.

Bluu nayo ina tabia yake. Sayani 100 na majenta 100 hutoka zambarau. Mimi hushusha majenta hadi 70 au chini zaidi.

Prufu iache ikauke saa kadhaa, kisha itazame chini ya taa ya D50 (mwanga sanifu wa kukagulia rangi). Taa ya kawaida ya ofisini itakudanganya, hasa kwenye kijivu.

Kwa kukagua kabla ya sahani kutengenezwa, mpango huu unanitosha. Mteja akitaka prufu ya mkataba (inayokubaliwa kuwa kielelezo cha rangi za kazi) ya kiwango cha ISO 12647-7, mpelekee mwenye vifaa: lazima iwe na ukanda wa vipande vya rangi, kama ule wa Fogra wa vipande 72, upimwe kwa spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi.