Supamaketi ya mtaani au kwa Mangi?

Mi hapa Dar nanunua kote kote, supamaketi na kwa Mangi, yaani kile kiduka kidogo cha mtaani, ila tofauti ipo kubwa tu. Supamaketi bei imebandikwa, tarehe ya kuisha unaisoma mwenyewe, risiti unapewa bila kuomba na maziwa yako kwenye friji. Shida kaunta, juzi mchele kilo tano shelfu imeandikwa 15,000 kufika kwa keshia mashine inasoma 16,500, nisingeangalia ningelipa hivyo hivyo, na iliniuma kweli maana kuna wazee wetu hawawezi kusoma vile vikaratasi.

Kwa Mangi sasa, sukari robo unapimiwa, mafuta ya kula ya mia tano unapata, mtoto unamtuma na hapunjwi chenji, na mwezi ukikaba anakuandika kwenye daftari mpaka mshahara utoke, hiyo supamaketi hawakupi hata uwe mteja wa miaka kumi. Ila bei mpaka uulize, na saa nyingine unga umekaa hadi una wadudu.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2019 kwa hiyo kote nenda na kikapu. Mi maziwa na vitu vya mtoto supamaketi, vilivyobaki vyote kwa Mangi.