Dubu, upinde mrefu na kitufe namba 4: uzoefu wangu na Guild Wars 2

Nilifukuzwa kikosini kabla sijarusha mshale wa tatu. Mmoja aliandika kwamba kuna mtu kaja na dubu, wengine wakacheka, kura ikapigwa, nikajikuta nimesimama peke yangu nje ya mlango.

Wanaocheza Guild Wars 2 wameshanielewa. Kwa wengine: ni gemu la kompyuta la kucheza mtandaoni, kazi ya ArenaNet ya Marekani, lililotoka Agosti 2012. Ada ya mwezi hakuna. Sehemu ya msingi ni bure tangu 2015, nyongeza unanunua mara moja basi. Mimi ni Ranger, mwindaji anayeongozana na mnyama. Nilichagua upinde mrefu na dubu kwa sababu mwindaji niliyekuwa naye kichwani alikuwa hivyo: yeye kule mbali analenga, dubu huku mbele anakula kipigo. Ukicheza peke yako, raha tupu.

Kasheshe huanza mkiwa watano. Humu kila mhusika ana uwezo wake wa kujitibu na kukwepa, kwa hiyo miaka ya mwanzo wachezaji waligundua kuwa kinga nzuri kuliko zote ni kumwahi adui. Wakavaa gia (mavazi na vifaa vya vita) za Berserker, zinazoongeza Power, Precision na Ferocity, yaani ukali wa kupiga tu, na hazikupi hata tone la uhai, wakambana bosi, yule adui mkubwa, kwenye kona na kumshukia wote kwa pamoja. Sasa nije mimi. Kitufe namba 4 cha upinde mrefu ni Point Blank Shot, na kazi yake ni kumsukuma adui nyuma. Wenzangu wameshawasha moto wao chini pale pale, mimi nabonyeza nne, adui huyoo, moto unaunguza sakafu. Na dubu ana uhai wa kutosha, lakini makucha yake ni kama anakupapasa. Nikikumbuka leo, hata mimi ningepiga kura ya kujifukuza.

Basi nikaenda kunakili mjengo wa wachezaji wakali: silaha, gia, ustadi, mnyama, kila kitu kama walivyoandika. Kikundi cha Snow Crows huweka mijengo yao mtandaoni pamoja na mpangilio wa vitufe, kipi kianze na kipi kifuate. Nikauandika kwenye karatasi, nikaubandika pembeni ya skrini. Milango ikafunguka, kweli. Ila miezi miwili nzima sikumbuki sura ya bosi hata mmoja, maana macho yalikuwa kwenye karatasi. Isitoshe, mipangilio ile hupimwa kwa kupiga sanamu la mazoezi ambalo halirudishi kofi. Mimi niko Mwanza, seva iko Ulaya, ninapoona bosi ameinua mkono ujue wa kule wameshapigwa. Nilikuwa nakufa katikati ya mpangilio, na maiti haina demeji, haimuumizi mtu.

Sisemi ufanisi ni upuuzi. Vale Guardian, bosi wa kwanza wa reidi (mapambano magumu ya kikosi kikubwa) zilizoanza Novemba 2015, anawapa watu 10 dakika 8, zikiisha anapandisha hasira na habari yenu imekwisha. Pale ukileta dubu kwa sababu unampenda, unawaibia watu tisa jioni yao. Hapo sibishani na mtu.

Kilichonifanya nibaki ni kwamba gemu lenyewe halikulazimishi kuchagua upande kati ya ufanisi na unachokipenda. Ukiwa nje ya vita unabadilisha ustadi wako bure, mara nyingi upendavyo. Levo ya juu ni 80 tangu siku ya kwanza, gia niliyotafuta zamani inanifaa mpaka leo. Na Ranger anatembea na wanyama wawili, anawabadilisha kwa kitufe cha F4. Siku hizi paka ndiye anayefungua vita, kwa kuwa yeye anauma kweli. Wenzangu wawili wakianguka, namwita dubu awashughulishe maadui huku mimi nawainua. Kikosi kilekile cha kunicheka hakijawahi kulalamika ninapowainua.

Upinde sikuuacha. Mashambulizi ya silaha huwezi kuyapanga upya, upinde mrefu unakuja na yake matano, kwa hiyo namba 4 nimeibandikia plasta ya kidonda kwenye kibodi. (Kuandika namba ya simu sasa ni mateso.) Nilipogundua baadaye kwamba ugomvi wote ule ulikuwa wa kitufe kimoja, nilicheka peke yangu.

Alama zangu ni 4 kati ya 5, ile moja nimeikata kwa sababu ya ping, ule ucheleweshaji wa mtandao hadi kwenye seva.

Ijumaa huwa tunacheza na binamu zangu, mmoja yuko Muscat. Jana aliyeko Muscat alikuwa amejichimbia kwenye kona yake, amekusanya maadui sita, anajisifu. Nikabandua plasta.