Uzoefu wangu: famasi iliyoniambia niache gabapentini "mpaka mzigo uje"

Niseme mapema kwamba dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Gabapentini imenirudishia usingizi baada ya mkanda wa jeshi kupona na kuniachia maumivu ya mbavu yaliyokuwa yakiwaka hata shati lilipogusa ngozi, maumivu ya mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa ambayo panadoli haiyafikii. Ugomvi wangu ni na famasi moja kubwa katikati ya jiji la Mbeya, ambayo jina lake nalihifadhi, na huduma niliyopewa pale mwishoni mwa msimu wa mvua.

Nilikwenda na cheti cha daktari huku nyumbani nikiwa bado na kapsuli za kutosha siku chache, kwa sababu tangu mwanzo nilielekezwa nisisubiri boksi liishe. Kijana aliyevaa koti jeupe alikitazama cheti bila kukishika, akasema, "Hiyo imeisha, mzee. Acha kwanza mpaka mzigo uje." Nilipomuuliza mzigo unakuja lini, alijibu kwamba huenda wiki ijayo, huenda mwezi ujao, kisha akatoa boksi la tramadoli kwenye rafu ya nyuma na kuniambia, "Meza hii, nayo ni ya maumivu." Nilimweleza kwamba daktari amenikataza kuacha ghafla. Alicheka, akamwambia mwenzake, kwa sauti iliyosikika na foleni nzima, kwamba wazee wakishazoea dawa wanakuwa kama watoto.

Maneno hayo yaliniuma sana. Nimefundisha shule za msingi za mkoa huu mpaka nikastaafu, na sikutegemea kuchekwa mbele ya watu wa rika la wanafunzi wangu. Hata hivyo dharau ningeweza kuisamehe. Kinachonichoma hadi leo ni lile neno "acha", kwa kuwa lilimtoka kabla hajauliza swali ambalo kila anayeuza dawa hii anapaswa kuliuliza kwanza: unaitumia kwa ajili ya nini?

Gabapentini ina kazi mbili. Marekani iliidhinishwa mwaka 1993 kama dawa ya kifafa, na matumizi ya maumivu ya mishipa ya fahamu yakafuata baadaye. Mgonjwa wa kifafa akiikatisha ghafla, degedege linaweza kumrudia kwa kufululiza, jingine likianza kabla la kwanza halijamwachia. Hata mwenye maumivu tu, kama mimi, anaweza kupatwa na wasiwasi, jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi, ndiyo maana maelekezo yanataka dozi ishushwe kidogo kidogo kwa muda usiopungua wiki moja, tena kwa usimamizi wa daktari. Na tramadoli ile aliyonisogezea bila kuuliza lolote inajulikana kwamba yenyewe inaweza kuchochea degedege. Kwa hiyo, kama mbele ya kijana yule angesimama mgonjwa wa kifafa, angerudi nyumbani bila kinga yake na akiwa na kichocheo mfukoni.

Mgonjwa huyo si wa kufikirika katika Nyanda za Juu Kusini. Huku tunafuga nguruwe kwa wingi, na wengine huachwa wazurure. Mtu akimeza mayai ya tegu wa nguruwe, kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha binadamu mwenye tegu, vifuko vya mnyoo huyo vinaweza kujijenga kwenye ubongo na kuleta kifafa. Muuza dawa wa Mbeya hana ruhusa ya kudhani kwamba kila anayeshika cheti cha gabapentini anauguza mbavu.

Nilivuka hadi Mwanjelwa, katika famasi ndogo isiyo hata na kiti cha kumkalisha mgonjwa, na pale nilipokewa na binti aliyeniambia "Shikamoo, baba" kisha akaanza kuuliza. Je, ni kifafa au maumivu? Figo zangu zimepimwa lini? Akafafanua kwamba dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo bila kuvunjwa na ini, hivyo figo zikiwa dhaifu hujikusanya, na dozi lazima ipunguzwe. Je, ninatumia dawa ya kiungulia? Ile yenye aluminiamu na magnesiamu inapunguza kiasi cha gabapentini kinachoingia mwilini, kwa hiyo nipishanishe, nimeze gabapentini angalau saa mbili baadaye. Nilipomtajia tramadoli alikunja uso. Alinieleza kwamba mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu gabapentini kuchanganywa na dawa za jamii ya afyuni, tramadoli ikiwemo, kwani pumzi inaweza kushuka kufikia kiwango cha hatari, hasa kwa wazee na wenye maradhi ya mapafu. Pombe nayo niiepuke. Kuhusu kuendesha gari, nisubiri kwanza nijue inavyonilevya. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ule niliopoteza kubishana kule mjini, na bei aliyonitajia, ingawa ilikuwa ya juu kidogo, niliilipa kwa moyo mweupe.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mtu yeyote asikanyage famasi ile ya kwanza. Lakini haki nayo ina uzito wake: miaka yote wamenipatia dawa za presha bila tatizo, na mama anayekaa zamu ya asubuhi huwa anakisoma cheti mara mbili kabla ya kugusa rafu. Kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu. Kisha nikampigia simu msimamizi, nikamsimulia yote, akanijibu kwamba huo ni ujana na kwamba, kwa vile sikupata madhara, hakuna haja ya kulikuza jambo. Sikupata madhara kwa sababu sikumtii mfanyakazi wake! Naondoa nyota mbili. Moja inayobaki ni ya yule mama wa asubuhi, na nikisikia amehamia duka jingine nitamfuata hukohuko.