Mbegu za uyoga mamama kwa kuotesha vifungashio: uzoefu wangu Kigoma

Nauza asali ya Kasulu kwenye chupa za kioo, na wateja wangu wengi wako Dar. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kwenye buti la basi ndiyo usiseme. Magazeti hayazuii chupa kupasuka, na yale mapovu magumu meupe ya kwenye maboksi ya televisheni hayaozi kamwe.

Ndipo nikaagiza mbegu za uyoga mamama, si za kula bali za kuotesha vikinga chupa. Wazo lina wenyewe: Eben Bayer na Gavin McIntyre walianzisha kampuni ya Ecovative huko Marekani mwaka 2007 kwa kazi hiyo. Uyoga hutandaza nyuzi ndani ya taka za mimea na kuzishikamanisha. Kuta za nyuzi hizo zina kitini, dutu ngumu ileile iliyomo kwenye magamba ya kamba na wadudu.

Mbegu zinakuja kwenye chupa ya mtama uliokwisha kushikwa na nyuzi. Chupa nzuri ni nyeupe tupu. Yangu moja ilifika na madoa ya kijani, yaani ukungu umeshaingia. Muuzaji alinibadilishia bila ubishi, ila nauli ya mzigo nililipa mimi, na hapo nampunguzia alama. Karatasi yake ya maelekezo nayo inahusu uyoga wa mboga tu, hayo mengine utajijua.

Mimi natumia magunzi ya jikoni, nayatwanga kwenye kinu, nayaloweka, kisha nayachemsha saa moja hivi ili kuua vimelea. Kipimo cha maji ni kiganja: ukikamua, yatoke matone machache tu. Yakipoa kabisa nachanganya mbegu kwa mikono iliyopakwa spiriti, nashindilia kwenye kopo lenye chupa tupu katikati, nafunika nailoni yenye vitundu na kuweka chumba chenye giza. Joto la Kigoma linawafaa mamama, wanapenda nyuzijoto 20 hadi 28 za Selsiasi. Makapi ya chikichi, ambayo wakamuaji mawese wanatoa bure, niliyapa nafasi pia. Mafuta yaliyobaki ndani yanaleta harufu ambayo mume wangu hakuivumilia, nikarudi kwenye magunzi.

Kopo likishajaa weupe natoa umbo, naanika, namalizia kwenye oveni ya mkaa kwa moto mdogo. Moto ni lazima, maana uyoga bado u hai. Kuna umbo nililoliacha makusudi, likachipua, tukalipika na nazi.

Kikinga kilichokauka ni chepesi kama biskuti kavu, kinabonyea kidogo na kurudi, na asali yangu sasa inafika Dar ikiwa nzima. Mteja mmoja alikivunjavunja akakitia kwenye bustani ya mchicha. Lakini maji ni adui yake: kikilowa kinalegea na kushika ukungu. Anayetafuta sahani au vikombe asinunue, na kwa viota vya kuku wanaotaga nisingekipendekeza, watakidonoa chote.

Nyota nne kati ya tano. Nitaagiza tena masika yakiisha, kwa sababu wakati wa mvua mkaa wa kukaushia unakula faida yote, na kiangazi jua ni la bure.