TAHADHARI: Waya za intaneti za Cat6 za bei ya kutupa pale Luthuli Avenue, Nairobi, kwaruza waya kabla hujalipa

Wadau mnaojenga, hasa nyinyi mnataka nyumba ya taa za kuwashwa na simu, kamera, sensa za mlango na kadhalika, tafadhali someni hii kabla fundi hajapiga plasta.

Nilienda Luthuli kutafuta waya ya nyumba yetu huku Utawala. Duka mbili za kwanza boksi la mita 305 walisema 17,000. Ya tatu, kaduka kako chini ya ngazi, jamaa akaniambia 8,500 na ni kopa tupu, yaani shaba, hata boksi limeandikwa hivyo. Nikasita. Akatoa sumaku akagusisha kwa waya, haikunasa, akasema umeona boss, hii ni kopa. Nikaamini, nikalipa boksi mbili na M-Pesa. Jameni hapo kwa sumaku ndio wanatumaliza, alumini pia hainaswi na sumaku! Nilichobeba ni alumini iliyopakwa shaba juu, na kwa macho huwezi jua.

Tukaweka, plasta, rangi, tukahamia. Mchana kila kitu sawa. Ikifika usiku kamera ya geti inazima, inawaka, inazima, kumbe giza likiingia zile taa zake za infraredi, za kuisaidia kuona gizani, zinawaka inavuta stima zaidi, na hiyo stima inapitia waya hiyo hiyo ya intaneti kutoka ndani ya nyumba, kama mita 60 hivi. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya vile shaba inapitisha, so volti zinaishia njiani. Nilibadilisha kamera, nikabadilisha swichi ya intaneti, pesa ikaenda tu. Fundi mwingine ndiye alikuja na mita ya umeme akapima waya ya ile boksi ilibaki: waya moja mita 100 haifai kupita ohmi 9.38 (ohmi ni kipimo cha vile waya inazuia stima), yetu ilisoma karibu 14. Akakwaruza na wembe, ndani nyeupe kama sufuria.

Na si kamera tu. Hii waya inashika joto ikibeba stima, na ukiipinda mara mbili tatu inakatika.

So ukienda duka omba kipande, hata kama ni kulipia mita moja. Kwaruza na wembe, shaba ya ukweli ni nyekundu mpaka ndani. Choma ncha na kiberiti cha gesi, alumini inayeyuka inadondoka, shaba inabaki imesimama. Na inua boksi, ikiwa nyepesi sana uliza maswali, shaba ina uzito zaidi ya mara 3 ya alumini. Muuzaji akikataa kukata kipande, toka hapo, usibishane. Halafu risiti iandikwe Cat6 shaba tupu mita 305, neno kwa neno. Yangu iliandikwa tu "waya boksi 2" na chini ati bidhaa ikiuzwa hairudishwi, niliporudi akaniambia niende popote nataka.

Waya za ndani angalau zilikuwa kwa paipu, tunavuta mpya bila kubomoa. Ile ya geti fundi wa kwanza aliizika hivyo hivyo bila paipu, na sasa hivi tunang'oa kabro kutoka mlangoni mpaka barabarani.