Vali ya jiji ya kuzuia mafuriko ndani: kifaa poa, utaratibu wa hela ndo shida (nyota 3 kati ya 5)

Nimekaa na hii kitu zaidi ya mwaka na imeshapitia misimu miwili ya mvua, kwa hiyo siongei kwa kubahatisha. Kwa wasioijua, ni huduma ya jiji, unafungiwa vali inayozuia maji taka kurudi ndani afu jiji linakurudishia asilimia fulani ya gharama, tena kuna kiwango cha juu ambacho hawavuki hata fundi akuchaji vipi.

Vali yenyewe sina neno baya. Mtaani kwetu maji ya mvua na maji taka yanapita bomba moja, likijaa yanarudi kupitia tundu lililo chini kuliko yote, na kwetu ni la bafu la chini. Ulikuwa unalisikia kwanza, linagugumia kama mtu anayesukutua, dakika chache mbele kinapanda kitu ambacho sitakielezea hapa. Sasa ndani ya vali kuna kibao kama ulimi, siku za kawaida kimelala wazi, maji ya mtaani yakirudi yanakinyanyua kinaziba. Mfuniko wake unaonyesha ndani, mvua kubwa ya pili nikamulika tochi nikakiona kimesimama wima, maji meusi yamejaa upande wa pili, bafuni pakavu kabisa. Nilichuchumaa pale naangalia kama naangalia mpira.

Ila fundi hakuniambia kwamba ikijifunga na maji yako hayatoki! Mtu kaflashi choo cha juu, yakaibukia chini, yaani tumejifurikisha wenyewe. Na gata za paa kama zinaingia bomba hilohilo ndo balaa, maji ya paa zima yanabaki na wewe. Mkaguzi wa jiji aligoma kusaini mpaka nizikate nizielekeze bustanini, nilimnunia siku hiyo, leo namshukuru. Afu isafishe, mimi niliwahi kukuta nywele na mafuta ya sabuni yameganda kwenye mpira wa kuzibia wa vali, kibao kinaziba nusu.

Sasa hela. Unalipa zote wewe kwanza, afu unapeleka risiti, picha, kibali na karatasi ya mkaguzi, unasubiri. Mimi miezi mitano, na fomu ilirudishwa mara moja kisa risiti haikutenganisha vifaa na ufundi. Niliweza kwa sababu nilikuwa na akiba. Jirani yangu wa nyumba ya bondeni kabisa, anayefurikiwa kuliko sote, hana, na mpangaji wa pembeni yake haruhusiwi hata kuomba, fomu inataka mwenye nyumba. Kwa hiyo ruzuku inaenda kwa anayeweza kulikopesha jiji. Si wamlipe fundi moja kwa moja tu, mtu alipie kile kilichobaki?

Ile ada ya maji ya mvua kwenye bili, inayogharamia haya yote, watu wanailaani sana ila mimi naitetea. Inapigwa kwa ukubwa wa paa na eneo ulilosakafia, Ujerumani miji kibao inafanya hivyo. Kabla ya hapo kila mtu alilipia kwa mita ya maji safi, sasa maegesho makubwa ya magari yanatumia maji gani? Hamna, ila mvua ikipiga yanamwaga mto.

Jiji limeahidi pia bomba kubwa la mtaani, la mkopo wa muda mrefu. Wanasema litahimili mvua ya “mara moja kwa miaka 10”, na watu wanadhani ikipiga mwaka huu basi tumepumzika miaka 9. Hapana, ni asilimia 10 kila mwaka, na ndani ya miaka 10 uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 65. Na usitegemee haraka, Copenhagen kule Denmark walizama kwa mvua tarehe 2 Julai 2011, mwaka uliofuata wakatoa mpango wa miaka 20, uliokuja kuwa na miradi kama 300. Ndo maana vali naipendekeza hata hivyo.

Nyota mbili nimekata kwa ajili ya malipo. Ukifungiwa bandika karatasi choo cha juu, yetu imeandikwa MVUA IKIWA KUBWA USIFLASHI, wageni wanaipiga picha.