Go na bando langu

Nani aliwaambia wenye Go, lugha ya kuandikia programu, kwamba tunataka kompaila (ile inayogeuza msimbo kuwa programu) inayojipakua yenyewe? Tangu toleo la 1.21, lililotoka 2023, Go ikikuta go.mod, faili la mradi linalotaja matoleo yanayohitajika, inadai toleo jipya kuliko lililo kwenye mashine yako, haikuulizi. Inaenda mtandaoni, inalileta toleo zima, inaendelea na kazi. Walio Westlands, Nairobi, kwenye ofisi za faiba wataita raha. Mimi nilikuwa Roysambu, stima zimepotea, waifai imezima nazo, natumia hotspoti ya simu na bando linaloelekea ukingoni.

Nikavuta mradi, nikaandika go build, amri ya kuujenga. Ukatokea mstari mmoja: go: downloading go1.23.0 (linux/amd64). Basi. Hakuna asilimia, kishale kinakonyeza tu. Nikadhani mtandao umekwama, kumbe makumi ya megabaiti yanashuka kimyakimya. Ujumbe ukaingia kwenye simu: bando limekwisha. Nikanunua lingine, ikaanza tena kutoka sifuri! Mteja naye anapiga simu, anataka marekebisho ya mistari miwili.

Nikamkabili kijana aliyepandisha namba ile kwenye go.mod. "Si mimi bosi, ni go get." Na kweli, ukitumia amri hiyo kuleta maktaba, yaani msimbo wa wengine, inayotaka toleo jipya, mstari wako wa go nao unapandishwa. Hasira ikakosa pa kutua.

Dawa ni go env -w GOTOOLCHAIN=local. Ukishaiweka, Go inakwambia toleo lako limepitwa, inakaa kimya bila kupakua. Ingekuwa hivyo tangu mwanzo tungekosana wapi? Na ukiishiwa nafasi kwenye diski usikimbilie go clean -modcache, amri ya kufuta akiba ya maktaba, maana matoleo hayo yamehifadhiwa humohumo. Yatafutika yote na utayapakua upya.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Ila toleo la 1.24 la mwaka 2025 limenilainisha: sasa zana za mradi zinaandikwa ndani ya go.mod, unaziongeza kwa go get -tool, unaziita kwa go tool, na timu nzima inatumia toleo lilelile. Lile faili la tools.go la kuidanganya Go kwamba zana ni sehemu ya msimbo nimelifuta kwa furaha. Mgeni akiingia kazini asubuhi, kabla ya chai ya saa nne ameshaanza kuandika. Na anawahi hivyo, potelea mbali niseme tu, kwa sababu kompaila imejileta yenyewe.

Nyota nne basi. Hapana, tatu. Wakiweka hata alama ya asilimia nitarudi kuibadilisha.